Homa Imetoka Mdomoni

Ukitaka kumjua Mama Pini, mtazame mdomo. Mafundi wengine wa nguo huchoma pini zao kwenye kimto kidogo cha pamba, au huzilaza kwenye kisosi karibu na cherehani. Yeye alizibana midomoni, vichwa nje, fungu zima kwa mpigo, na kwa mdomo huohuo aliweza kumwambia mteja kwamba amenenepa. Waliomzoea walimwelewa bila shida. Wageni walidhani ana kigugumizi, wakawa wanamwonea huruma mpaka walipoelewa alichokuwa anakisema.

Jina lilitoka hapo, likashika, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia iliyojaa chaki na vipande vya nguo, pasi ambayo haikupoa mchana kutwa, na kioo kirefu chenye ufa uliomkata kila mteja kiunoni. Wapo wanawake walioupenda ufa ule kuliko kioo chenyewe, maana uliwapunguza. Nyuma ya pazia kulikuwa na vyumba viwili vya kulala. Mume wake alikuwa amefariki zamani, na mtoto aliyekuwa naye ni mmoja, binti, aliyeolewa na dereva wa malori katika mji mwingine.

Binti huyo alikuwa amehangaika kupata mtoto. Mimba mbili zilitoka. Ya tatu ilipokaa, Mama Pini alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja yeyote, hata anayelipa vizuri: alishona nguo kabla ya kupewa vipimo. Vijishati, kofia, bibu za pamba nyeupe, vyote vikapangwa kwenye sanduku na vipande vya sabuni katikati ili vinukie. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, mzima, ikakubaliwa kwamba binti atakuja kukaa na mama yake mpaka apate nguvu, kwa kuwa mume yuko barabarani siku zote.

Sasa, wiki ile ya kuwapokea iliangukia kwenye msimu wa sare za shule. Mama Pini alikuwa anashona hadi miguu inavimba. Asubuhi moja alihisi mdomo wa juu unachonyota, upande wa kushoto, na kufikia jioni malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga hapo kama ushanga. Hakushtuka hata kidogo. Yalikuwa yakimjia tangu usichana: akichoka sana, akipigwa na jua, akipata homa, hayo yanakuja. Watu wote aliokua nao waliyaita jina moja, na jina lenyewe lilikuwa habari njema. Walisema homa imetoka mdomoni. Maana yake, kama alivyofundishwa na kama alivyoamini maisha yake yote, ni kwamba mwili ulikuwa na ugonjwa, mdomo ndio mlango, na ugonjwa umepita mlangoni ukaenda zake. Ukimwona mtu ana vidonda vile unampa pole, na moyoni unafurahi kwamba amepona.

Kwa hiyo teksi iliposimama mlangoni, Mama Pini alitema pini kiganjani, akazimwaga mezani, akafuta mikono kwenye aproni na kutoka nje mikono wazi. Binti alishuka polepole, uso umechoka, na kitu kidogo kimeviringishwa kifuani. Mama Pini alifunua shuka kwa kidole, akaona paji la uso na nyusi ambazo bado hazijaamua kama zitaota au hazitaota, na machozi yakamlengalenga. Akainama.

Binti akageuza bega. Busu lilikwenda hewani.

"Mama, mdomo wako umekuwaje?"

"Ah, homa tu, mwanangu. Imeshatoka."

"Usimbusu mtoto. Tafadhali. Hata kumgusa, mpaka unawe mikono kwanza."

Mama Pini alisimama pale pale, mgongo bado umepinda, kama mtu aliyeinama kuokota kitu akasahau ni nini. Dereva wa teksi alijifanya hamnazo, akashughulika na mizigo.

Wakaingia ndani. Binti alimlaza mtoto, akarudi chumba cha mbele kuyasema vizuri yale aliyoyasema vibaya. Alikuwa binti mwema, na mtu asimlaumu. Mtu aliyepoteza wawili lazima awe mkali kwa wa tatu.

"Kliniki walituambia kabla sijajifungua," alisema. "Hivyo vidonda ni virusi."

Mama Pini akaketi kwenye kiti cha wateja. Neno hilo yeye, kama watu wengi wa rika lake, alilijua kwa maana moja tu.

"Virusi," alisema. "Mimi. Mjane wa miaka yote hii, ninayelala na cherehani."

"Sio hivyo, mama."

"Kwani vingine viko wapi?"

"Viko tele. Mafua ni virusi. Surua ni virusi, tetekuwanga ni virusi, hata kule kuhara kunakowapata watoto mara nyingi ni virusi. Na hivi vya mdomo vina aina yao. Watu wazima wengi sana wanavyo, wamevipata wakiwa wadogo kwa kubusiwa, au kwa kushirikiana kijiko. Mtu mzima vinamwasha, vinamwaibisha kidogo, basi. Mtoto mchanga ndiye asiye na kinga. Vikimwingia vinaweza kwenda mpaka kwenye ini, mpaka kwenye ubongo."

"Nani aliyesema wengi wanavyo?"

"Muuguzi."

"Basi huenda naye anavyo. Na watoto wa watu anawashika."

"Ananawa, mama. Na habusu."

 Mama Pini alichukua pini zake mezani, akazirudisha midomoni mwake moja moja, akakanyaga cherehani. Binti alieleza kwamba kumshika mtoto ruksa, mradi anawe kwa sabuni, asiguse kidonda, afunike mdomo. Lakini mtu aliyenyimwa kitu kimoja hasikii vile alivyoruhusiwa. Mama Pini alisikia tu kwamba mdomo uliomlea binti huyu, uliotafuna chakula ukamlisha alipokuwa hajaota meno, leo umekuwa sumu.

Akasusa. Alipika, akafua nepi, akaanika, akazikunja, akatandika, na mtoto hakumshika. Binti akimwambia nawa mikono umchukue, anajibu ana kazi ya watu. Alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, mikono nyuma, kama mgeni aliyekuja kuona nyumba ya kupanga.

Shoga yake wa duka la pili, muuza vitambaa aliyeitwa Mita kwa kuwa mita yake ilikuwa fupi kuliko mita za wenzake, alipita kuangalia hali ikoje. Mita hakuwahi kuona moto asitie kuni.

"Mjukuu wako mwenyewe unamchungulia mlangoni," alisema, akijipepea kwa kipande cha kadibodi. "Vijana wa siku hizi wakiingia kliniki wanatoka na sheria. Sisi tulibusiwa na mtaa mzima. Wewe huyo binti yako ulimbusu, hukumbusu?"

"Nilimbusu."

"Mdomo ukiwa hivyo hivyo?"

"Labda. Sikumbuki."

"Na hakufa."

Mguu wa Mama Pini ulisimama kwenye pedali. "Huyu hakufa," alisema, na akainamisha kichwa kutunga uzi ambao tayari ulikuwa umetungwa. Mita alihamia mtaani huo binti akiwa tayari mkubwa, hakujua alichokigusa, na akaendelea na habari za bei ya pamba.

Siku moja, katikati ya asubuhi, binti alikuwa bafuni na maji yanamwagika, na mtoto akaamka. Alianza kwa kunung'unika, akapandisha sauti, akafika pale ambapo hakuna bibi duniani anayeweza kukaa. Mama Pini alitoa pini mdomoni, akaenda, akamchukua. Alisahau hata kununa.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akafungua macho, yale macho ya siku za mwanzo yasiyomtazama mtu bali yanatazama mahali mtu alipo. Alikuwa mwepesi, na utosi wake ulikuwa unapwita polepole, na alinukia maziwa na sabuni ya lile sanduku. Mama Pini alihisi mapenzi yanampanda kutoka tumboni. Ni wangu, alijisemea. Damu yangu. Maji bado yanamwagika, hakuna atakayejua, kabusu kamoja tu hapa kwenye paji. Vidonda vyenyewe vimeshaanza kukauka. Na homa imeshatoka.

Akainama. Alikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilisogeza nywele za mtoto. Na hapo maneno ya shoga yake yakamrudia, ile "hakufa", na nyuma yake yakaja mengine aliyoyasema binti asubuhi ile, akimwelezea mume wake kwa simu dalili alizoambiwa azichunge: anakataa ziwa, analegea, anaungua au anapoa isivyo kawaida, anashtukashtuka.

Anakataa ziwa. Analegea.

Kabla ya binti huyu, Mama Pini alikuwa na mtoto wa kiume. Alizaliwa mdogo, mzima lakini mdogo, na yeye akambandika jina la Kifungo, kwa sababu alilala kifuani pake kama kifungo kwenye shati. Mume wake alilalamika. Mtoto gani anaitwa Kifungo, aliuliza, kwani amehukumiwa? Siku mbili baadaye naye alikuwa anaita Kifungo, Kifungo, huku amebeba beseni la nepi. Zile zilikuwa siku za furaha. Mama Pini alikuwa ameugua homa kali karibu na kujifungua, na baada ya kujifungua mdomo wake ukajaa malengelenge, na wanawake waliokuja kumtazama wakapiga vigelegele vidogo vya faraja. Homa imetoka, walisema. Sasa mpeni mtoto wake. Wakampa. Alimbusu kutwa nzima, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kwa sababu alikuwa kijana na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna sababu ya kutofanya hivyo.

Kifungo alikuwa na wiki mbili alipokataa ziwa. Alilegea kama kitambaa kilicholowa. Malengelenge hakuwa nayo, au kama yalikuwepo hakuna aliyeyaona. Wakampeleka hospitali, daktari akasema ni maambukizi, hakusema ya nini, na hata hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Kesho yake wakarudi nyumbani na shuka tupu. Watu walisema mengi, kila mmoja lake: baridi, jicho la watu, riziki yake imeisha. Mama Pini alichukua yote, akashukuru, akayafungia mahali. Binti aliyezaliwa baadaye alijua tu kwamba aliwahi kuwa na kaka. Jina halikutajwa tena nyumbani humo.

Mama Pini alimrudisha mjukuu kitandani. Aliweka goti chini ili amlaze vizuri. Mtoto akalia, na safari hii alimwacha alie. Alikwenda kwenye beseni, akanawa kwa sabuni hadi viwiko, akasugua kucha, akanawa tena. Akachukua kipande cha pamba nyeupe kilichobaki kwenye bibu, akakikunja mara mbili, akakifunga juu ya pua na mdomo kwa fundo nyuma ya kichwa, fundo la fundi, lisilofunguka. Ndipo akarudi kumchukua mtoto, akamweka begani, uso wake umeelekea pembeni.

Binti alitoka bafuni na maji kwenye nywele. "Mama," alisema, "unakwenda kuiba benki?" Akacheka, kisha akaona macho ya mama yake juu ya kile kitambaa, kicheko kikakatika. Akauliza kuna nini. Mama Pini akasema vumbi la kitambaa limeingia jichoni.

Siku ya kliniki ilipofika, Mama Pini akasema na yeye anakwenda. Alikaa kwenye benchi la akina mama wachanga, kitambaa usoni, katikati ya vilio, na akangoja mpaka binti alipoingia na mtoto kwenye chumba cha kupimia uzito. Ndipo alipomfuata muuguzi aliyekuwa anapanga kadi za chanjo kwenye meza ya kona. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vilivyopinda visigino kwa kusimama.

"Mwanangu, nikuulize. Mtoto aliyekufa zamani, mnaweza kujua leo alikufa na nini?"

Muuguzi aliinua kichwa, akaangalia kitambaa, akaacha kadi.

"Alikuwa na dalili gani, mama?"

Mama Pini akazitaja. Hazikuwa nyingi, na alizitaja kwa utaratibu, kama anayesoma vipimo. Kisha akasema, "Na mimi mdomo wangu ulikuwa hivi. Na nilimbusu."

Muuguzi hakumjibu haraka, na kwa hilo peke yake mimi ninampa heshima. Wangapi wangesema tu usijali, mama, wakaendelea na kadi zao.

"Siwezi kukuambia uongo," alisema. "Huenda ikawa ni hivi virusi, huenda isiwe. Mtoto wa wiki mbili analegea kwa mambo mengi, bakteria, manjano, hata moyo. Hakuna mtu leo anayeweza kujua. Lakini nikuambie na hili. Kila mama anambusu mtoto wake. Ulifanya kile ambacho mama anafanya, na hakuna aliyekwambia."

"Waliniambia homa imetoka."

"Wote tuliambiwa hivyo. Mama yangu bado anasema." Muuguzi alivuta stuli, akaketi, akawa sasa anasema na mtu, si na mgonjwa. "Ile haitoki, mama. Ukishaipata inajificha ndani, kwenye mishipa ya fahamu, inalala. Ukichoka, ukipigwa na jua, ukiugua, inaamka inakuja mdomoni. Na siku hizo za malengelenge ndizo siku zinazoambukiza zaidi."

"Kwa hiyo haijatoka."

"Imetokea."

Mama Pini alilirudia neno hilo chini ya kitambaa. Imetoka, imetokea. Herufi moja tu. Maisha yake yote alikuwa anajua kwamba ukikosea kukata kwa upana wa uzi, mwishoni bega zima linakaa vibaya, na hakuwahi kufikiri kwamba maneno nayo hukatwa hivyo. Aliuliza atajuaje kwamba imelala tena. Akaambiwa angoje mpaka maganda yadondoke yenyewe na ngozi irudi kamili, na hata hapo, kwa mtoto mchanga, aendelee kunawa na auache uso wake kwanza. Na vitu vya mdomoni asimpe mtu.

"Pini je?" aliuliza.

"Pini gani?"

Mama Pini akaeleza kazi yake. Muuguzi alifumba macho, akafikiria wateja wote waliokwisha kuchomwa, akasema kwa upole kwamba ingekuwa vizuri zaidi kama zingekaa mahali pengine.

Basi Mama Pini alijishonea kimto cha kuvaa mkononi, cha kitambaa chekundu, na kwa muda mrefu kilimkera. Alipeleka mkono mdomoni ukakuta hakuna kitu. Aliposhika vazi la mteja alibana midomo bure. Mita alicheka hadi akashika ukuta, akasema sasa tumwite Mama Kimto. Halikushika. Lakini wateja waligundua kwamba fundi wao sasa anasema maneno kamili, na si wote waliofurahi, hasa walionenepa. Mmoja alipokuja na kidonda mdomoni na mtoto mgongoni, akasema ah, homa imetoka, Mama Pini alisimamisha cherehani na kumwambia, "Haijatoka. Kaa hapo nikueleze."

Maganda yakadondoka. Ngozi ikarudi. Alijitazama kila asubuhi kwenye kile kioo chenye ufa, akipitisha kidole juu ya mdomo, na binti alimwona lakini hakusema kitu. Mchana mmoja, chumba cha mbele kikiwa hakina mteja, binti alikuja na mtoto mikononi, akaketi kando ya cherehani.

"Umepona, mama. Mbusu mjukuu wako. Nilikuonea siku ile."

"Hukunionea."

"Basi mbusu."

"Usoni bado. Acha akomae kidogo." Mama Pini alinawa mikono, akamchukua, akamlaza mapajani. Akamvua soksi moja aliyoifuma mwenyewe. Unyayo ulikuwa mdogo, wenye mikunjo, haujawahi kukanyaga kitu. Aliushika kwa vidole viwili, na kabla hajainama, likamponyoka: "Haya, Kifungo."

Binti aliinua macho. "Kifungo ni nani?"

Mama Pini angeweza kusema ni jina la utani tu. Jibu hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake alimtazama binti yake, akamweleza, mwanzo mpaka mwisho: mume wake na ule mzaha wa kuhukumiwa, malengelenge, vigelegele vya wanawake, utosini hadi vidoleni, shuka tupu. Akamweleza alichoulizia kliniki, na alichojibiwa, kwamba huenda ndiyo na huenda sivyo, na kwamba hilo "huenda" atazikwa nalo. Alisema bila kulia. Binti ndiye aliyelia, bila sauti, mkono mdomoni.

 Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mama Pini akainama, akaubusu ule unyayo, taratibu, akakaa hapo kidogo, na mtoto akakunja vidole juu ya mdomo wake.

Alipoanza kumvisha soksi, binti alimzuia. Alifuta uso kwa mgongo wa kiganja, akamvua mtoto soksi ya mguu wa pili, akauinua ule mguu kuelekea kwa mama yake.

"Na huu, mama," alisema, "ni wa Kifungo."